Steringi Hafi: Mwongozo kwa Aliyerithi Mfululizo wa Filamu

Hongera, bosi. Umekuwa mmiliki wa mfululizo wa filamu. Hukuutunga, hukuuongoza, na zipo sehemu tatu ambazo hata hujazitazama. Umeupata pamoja na majengo, maghala na madeni ya studio iliyokuwa nao, kama Amazon ilivyoinunua MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.5 na kumkuta James Bond kakaa sebuleni. Sasa kila aliye kwenye kikao anakutazama wewe. Mhasibu anataka filamu mpya iingie kwenye hesabu za mwaka ujao. Mwanasheria anauliza mkataba wa haki unakwisha lini. Mashabiki wameshaanza kuitukana filamu ambayo haijaandikwa hata ukurasa mmoja.

Una njia tatu: kuendeleza, kupumzisha, au kutengeneza upya. Mwongozo huu umekusanya hekima ya waliokutangulia kwenye kiti hicho, watu wa suti nzuri na maamuzi ya haraka. Ukiufuata sawasawa utafika walikofika wao.

Hatua ya Kwanza: Endeleza

Usiulize kama hadithi imebakiza kitu cha kusema. Hilo ni swali la mwandishi, na mwandishi hakualikwa kwenye kikao. Uliza filamu ya kwanza iliingiza kiasi gani. Kama iliingiza vizuri, basi hadithi haijaisha, hata kama mwishoni mji uliungua, jambazi akafa na mfalme akaoa.

Watangulizi wako hawakuyumbishwa na vitu vidogo kama mantiki. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitengeneza Jaws, filamu ya papa mmoja anayekula watu kwenye ufuo mmoja. Papa akauawa. Ilipofika ya nne, Jaws: The Revenge ya mwaka 1987, papa mwingine aliifuata familia ya marehemu Brody, polisi aliyemuua papa wa kwanza, kutoka Marekani hadi visiwa vya Bahamas kulipiza kisasi. Mvuvi yeyote wa Pemba atakwambia kwamba papa ana njaa, kinyongo ni cha binadamu. Michael Caine alikuwa kazini kwenye filamu hiyo siku alipotangazwa mshindi wa Oscar kwa filamu nyingine, Hannah and Her Sisters, na hakuweza kwenda kuipokea tuzo yake. Papa alimhitaji zaidi.

Highlander ya mwaka 1986 ilikuwa ya watu wasiokufa wanaokatana vichwa mpaka abaki mmoja. Akabaki mmoja. Mwaka 1991 sehemu ya pili ikafichua kwamba kumbe watu hao asili yao ni sayari nyingine, na huko wamejaa tele. Tatizo likaisha.

Wahenga watakuletea habari za mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wahenga hawakupata kuona taarifa ya mapato ya The Fast and the Furious. Ile ya kwanza, ya mwaka 2001, ilihusu vijana wa mashindano ya magari mjini Los Angeles wanaoteka malori na kuiba deki za DVD. Katika ya tisa, mwaka 2021, gari lilifungwa roketi likapaa hadi angani. Kati ya deki na anga hakuna aliyekuwa na mpango. Hata hivyo, nikiweka utani kando kidogo, mfululizo huo una haki ya kuendelea kuliko mingine mingi yenye heshima, kwa sababu ya tano, ya mwaka 2011, ilithubutu kubadilisha kazi. Wahusika walipohamia Rio de Janeiro, wakaacha kushindana barabarani na kuanza kuwinda kasha la fedha lililofichwa kituo cha polisi, ghafla wakawa na jambo la kufanya. Kabla ya hapo walikuwa na mafuta tu.

Ipo namna nyingine ya kuendeleza, nayo sikushauri, maana inahitaji uaminifu. Nchini Japani, studio ya Shochiku ilianza mwaka 1969 kutoa filamu za Otoko wa Tsurai yo, za mchuuzi mzururaji aitwaye Tora-san. Filamu zote ni ileile. Tora-san anarudi kwao Shibamata, Tokyo, anagombana na jamaa zake, anampenda mwanamke ambaye hatampata, anafunga sanduku lake na kuondoka. Kwa miaka mingi zilitoka mbili kila mwaka, moja majira ya joto na nyingine mwisho wa mwaka, mpaka zikafika 48, karibu zote chini ya mwongozaji mmoja, Yoji Yamada. Watu hawakulalamika kwamba hadithi inajirudia, kwa sababu kurudia ndiko walikoahidiwa. Walikuwa wanakwenda kumjulia hali ndugu yao. Kiyoshi Atsumi, aliyemwigiza, alipofariki mwaka 1996, Shochiku hawakumtafuta Tora-san mwingine. Ungekuwa wewe, bosi, ungeshamwita kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye misuli.

Na ikiwa hadithi imeisha kweli, kitabu kimefungwa na mtunzi amekwenda kulala, basi kipasue kitabu. Mwisho wa Harry Potter ulipasuliwa mara mbili, wa Twilight vilevile, wa The Hunger Games vilevile, na The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto, kikazaa filamu tatu. Huko Marekani walidhani wamevumbua kitu. Yeyote aliyewahi kununua muvi za Kibongo enzi za DVD anajua kwamba biashara hiyo ilikuwa imeshakomaa Kariakoo: Sehemu ya Kwanza ilikatika binti akiwa ameshika kitasa, na ili umjue anayebisha hodi ulinunua Sehemu ya Pili, diski yake peke yake kwa bei yake peke yake. Tofauti ni kwamba Kariakoo Sehemu ya Pili ilikuwapo dukani. Waliopasua mwisho wa Divergent walitoa nusu ya kwanza, Allegiant, mwaka 2016. Haikuuza. Nusu ya pili haikutengenezwa, na watazamaji wa filamu tatu zilizotangulia wamebaki wamesimama mlangoni.

Hatua ya Pili: Zindua Mfululizo Kabla ya Filamu

Mwaka 2017 kampuni ya Universal ilitangaza ulimwengu mzima wa mazimwi, ukaitwa Dark Universe, ukiwa na nembo yake, muziki wake na picha ya pamoja ya mastaa: Tom Cruise, Russell Crowe, Johnny Depp, Javier Bardem, Sofia Boutella. Ikatoka filamu moja, The Mummy, na ulimwengu ukafungwa. Miaka mitatu baadaye Leigh Whannell alimtoa ghalani mmoja wa mazimwi walewale, The Invisible Man, akatumia takribani dola milioni 7, bila nembo wala picha ya pamoja, na filamu ikaingiza zaidi ya milioni 140. Usimwige. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kutumia milioni 7.

Hatua ya Mwisho

Hatua hii ni ya mwisho kabisa, na baada yake hakuna nyingine. Andika hivyo kwenye posta, kwa herufi kubwa, kwa kuwa watu huwahi mazishi hata ya mtu waliyeacha kumtembelea.

Friday the 13th, mfululizo wa muuaji Jason, ulitangaza sura yake ya mwisho mwaka 1984, jina la filamu likitamka hivyo waziwazi. Mwaka uliofuata ukatangaza mwanzo mpya. Mwaka 1993 ikaja Ijumaa ya mwisho, Jason akapelekwa jehanamu. Jehanamu haikumweza, na filamu iliyofuata ilimkuta kwenye chombo cha angani. Final Destination nayo ilimaliza safari mwaka 2009 kwa filamu ya nne. Ya tano ikatoka 2011, na ya sita 2025.

Ukiishiwa na namna za kusema mwisho, futa kumbukumbu. Zipo filamu tatu zenye jina moja tu la Halloween: ya mwaka 1978, ya 2007 na ya 2018. Ya 2018 inaendeleza ile ya 1978 na kuzipuuza zote za katikati, maana yake waliochinjwa humo kwa miaka arobaini wameambiwa hawakuchinjwa, na wewe uliyelipa kiingilio kuwaona wakichinjwa huna pa kudai.

Hatua Inayofuata Hatua ya Mwisho: Mfufue Marehemu

Steringi hafi. Kila mtoto aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza anaijua sheria hii, na Hollywood wameijengea kiwanda. Haikuanzia kwao. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimtumbukiza Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji kwa kuwa alikuwa amemchoka. Wasomaji wakachachamaa, wachapishaji wakaonyesha noti, na mwaka 1903 Holmes akarejea akieleza kwamba hakuanguka.

Walau Doyle alitoa maelezo. Spock wa Star Trek alikufa mwaka 1982, na mwaka 1984 ikatengenezwa filamu ambayo hata jina lake ni la kumtafuta. Ripley wa Alien alijitupa kwenye tanuru mwaka 1992, na mwaka 1997 wanasayansi wakamtotoa upya kutokana na damu yake. Mfalme Palpatine wa Star Wars alitupwa shimoni mwaka 1983, kisha kituo alichokuwamo kikalipuliwa vipande vipande. Mwaka 2019 alirudi katika The Rise of Skywalker, na ufafanuzi tuliopewa ndani ya filamu, ukiondoa chumvi, ni kwamba amerudi.

Mwigizaji mwenyewe akifariki, usikate tamaa. Peter Cushing alifariki mwaka 1994. Mwaka 2016 alionekana katika Rogue One, uso wake ukiwa umechorwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji mwingine. Alifika kazini bila kuchelewa, wala hakuomba nyongeza.

Lakini somo kubwa ni la Rambo. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anakufa. Hata filamu ya First Blood ya mwaka 1982 ilipigwa picha za mwisho ambamo anakufa, ila watazamaji wa majaribio hawakuupenda mwisho huo, akaachwa hai. Kwa msamaha huo dunia ikapata filamu nne zaidi, na Tanzania ikapata mifuko ya Rambo, ile ya plastiki iliyobebea nyanya na sukari za nchi nzima. Serikali ikaipiga marufuku mifuko hiyo Juni 1, 2019. Hollywood wakaachia Rambo: Last Blood Septemba ya mwaka huohuo. Kwa miezi mitatu na ushei, katika suala la kumstaafisha Rambo, Dodoma ilikuwa mbele ya Los Angeles.

Hatua ya Kwanza, Toleo Jipya: Tengeneza Upya

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo ibandike ukutani ofisini, kisha chagua filamu iliyo kamilifu, isiyodai chochote, uitengeneze upya.

Gus Van Sant alifanya hivyo mwaka 1998. Aliichukua Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 akairudia karibu picha kwa picha, ila kwa rangi. Jaribio lilifaulu kuthibitisha kwamba ya Hitchcock ni nzuri. Ram Gopal Varma naye aliigeukia Sholay ya mwaka 1975, picha ambayo wako watu wazima wanaoweza kukutajia mazungumzo yake bila kujua Kihindi. Katika toleo lake la 2007 alimpa Amitabh Bachchan, shujaa wa Sholay ya kwanza, nafasi ya jambazi. Wakosoaji wa India waliishambulia bila huruma.

Wapo wakorofi waliofanya kinyume, wakachukua filamu za wastani ambazo hakuna mtu angezililia. The Maltese Falcon ya mwaka 1941, hii ya Humphrey Bogart inayotajwa kila mahali, ilikuwa mara ya tatu kwa riwaya ya Dashiell Hammett kutengenezwa ndani ya miaka kumi. Zilizotangulia ni za 1931 na 1936, na huenda hukuwahi kuzisikia. Ocean's Eleven ya mwaka 1960 ilikuwa ya marafiki waliokwenda Las Vegas kustarehe na kukumbuka kupiga filamu wakiwa na nafasi. Steven Soderbergh aliipa mwendo mwaka 2001. Hata Hitchcock alipotaka kurudia filamu alirudia yake mwenyewe, The Man Who Knew Too Much, ya 1934, ambayo aliitengeneza tena mwaka 1956.

Toleo jipya ninalolipenda kuliko yote halikutoka Hollywood. Waliokulia kwenye picha za Kihindi, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, wanaikumbuka Don ya mwaka 1978. Bachchan ni Don, jambazi hatari. Don anakufa, na polisi wanamtumia mtu wa kawaida anayefanana naye, Vijay, kujipenyeza kwenye genge. Muswada ule uliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Mwaka 2006 Farhan Akhtar, mtoto wa Javed, akaitengeneza upya akiwa na Shah Rukh Khan. Mtazamaji aliyeiona ya zamani akakaa kwa raha zake akijua kila kitakachotokea, na mwishoni akagundua kwamba aliyekuwa akimwonea huruma muda wote ni Don mwenyewe, anajifanya Vijay. Mtego ule ulitegwa mahsusi kwa waliojua hadithi ya kwanza. Asiyeijua aliona mshangao mmoja, aliyeijua aliona miwili. Mtoto alikuwa na sababu ya kuigusa kazi ya baba yake, na bosi, sababu ni bidhaa adimu kwenye biashara hii.

Wewe huhitaji. Tazama The Lion King ya mwaka 1994, ile ambayo mfalme wake ana jina la Kiswahili na ngiri wake anaimba Kiswahili. Mwaka 2019 Disney waliirudia kwa simba wa kompyuta waliofanana na wa Serengeti kiasi kwamba nyuso zao ziligoma kuhuzunika, maana simba wa kweli hatoi machozi. Simba mdogo anamtazama baba yake aliyekufa kwa uso uleule anaomtazamia swala. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo mkosoaji anaombwa anyamaze.

Kisha kuna sababu ambayo haitajwi kwenye mahojiano: karatasi. Studio nyingi hukodi wahusika, na mkataba husema usipotengeneza filamu kufikia tarehe fulani, mhusika anarudi kwa mwenyewe. Mtayarishaji wa Kijerumani Bernd Eichinger alikuwa na haki za Fantastic Four zilizokuwa zikimponyoka mwishoni mwa mwaka 1992. Akashirikiana na Roger Corman, bingwa wa filamu za bei poa, wakaanza kupiga picha kabla mwaka haujaisha kwa bajeti ya karibu dola milioni moja, fedha ambazo filamu za mashujaa za siku hizi humaliza kwa chakula. Waigizaji walijituma, wakazunguka kuitangaza. Filamu haikuonyeshwa kumbini hata siku moja, inaishi kwenye nakala za magendo tu. Haki zilibaki, na mwaka 2005 Eichinger akatoa Fantastic Four nyingine yenye bajeti ya kiungwana. Kwa mtazamo wa mwanasheria, ile isiyoonyeshwa ndiyo filamu iliyofanikiwa zaidi, kwani ilifanya kazi yake yote bila kusumbua watazamaji.

Ndiyo maana pia Spider-Man alianza 2002, akaanza tena 2012, na 2017 akaanza kwa mara ya tatu. Sony, waliomkodi, hawakuthubutu kumwacha alale. Ndani ya miaka kumi tulimzika ami yake Ben mara mbili, na wengine wetu tulishaanza kuchoka matanga.

Hatua ya Sifuri: Yaliyotokea Kabla ya Hatua ya Kwanza

Ukikosa pa kwenda mbele, nenda nyuma. Mwaka 2018 Solo ilitueleza Han Solo alipataje jina la ukoo, swali ambalo katika miaka 41 tangu Star Wars ya kwanza hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Ilipata hasara. Disney hawakuogopa: mwaka 2024 walileta Mufasa, hadithi ya kabla ya toleo jipya la filamu ya zamani. Soma sentensi hiyo polepole, kisha tuendelee.

Hatua Isiyolipwa: Pumzisha

Hii nimeiweka mwishoni kwa kuwa hutaitumia. Mapumziko hayana posta, hayana trela, hayana zulia jekundu. Hakuna bosi aliyesimama mbele ya wanahisa akajisifu kwa filamu ambayo hakuitengeneza. Kibaya zaidi, mapumziko ya maana huchukua miaka mingi, ilhali wewe kitini hukai sana. Faida ya subira yako ataila mrithi wako, ambaye huenda ni yule kijana wa idara ya masoko usiyempenda.

Kwa hiyo ukiyachunguza mapumziko yaliyozaa matunda, mengi hayakuamuliwa na mtu. Yaliletwa na mahakama, mvua au fedheha.

Anza na Bond. Licence to Kill ilitoka mwaka 1989, na nyingine ikapangwa kwa mwaka 1991. Ukazuka ugomvi wa kisheria kuhusu MGM na haki za filamu zile, na Bond akakaa benchi miaka sita. Katika miaka hiyo Ukuta wa Berlin ulianguka na Umoja wa Kisovieti ukavunjika. GoldenEye ilipotoka mwaka 1995 ilimkuta jasusi aliyeachwa na adui yake, na bosi wake mpya, mwanamke, akiigizwa na Judi Dench, anamweleza usoni kwamba yeye ni masalia ya Vita Baridi. Filamu ilipata la kusema kwa sababu dunia ilikuwa imesogea bila kumsubiri. Wanasheria wale wanastahili kutajwa kwenye orodha ya waandishi.

George Miller naye aliacha Mad Max mwaka 1985. Alipojaribu kuirudia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipango ilivunjika, na alipojaribu tena, mvua kubwa ilinyesha Broken Hill, Australia, jangwa lake likaota maua. Huwezi kupiga filamu ya dunia iliyokauka katikati ya maua. Ikabidi wahamie Namibia. Fury Road ilitoka mwaka 2015, miaka 30 baada ya iliyotangulia, mwongozaji akiwa na miaka 70, ikachukua Oscar sita. Miaka yote ile ya kukwama alikuwa akiichora filamu nzima picha kwa picha, mpaka maneno yakawa hayana kazi kubwa.

Godzilla ndiye mwalimu wa darasa hili. Alizaliwa mwaka 1954, chini ya miaka kumi baada ya Hiroshima na Nagasaki, miezi michache baada ya wavuvi wa Kijapani kuangukiwa na majivu ya jaribio la bomu la Marekani. Alikuwa huzuni yenye miguu. Kufikia mwaka 1973 alikuwa shujaa wa watoto anayerusha mateke ya mieleka. Mwaka 1975 tiketi zikadorora, studio yake, Toho, wakampumzisha hadi 1984, akarudi akiwa anatisha. Mwaka 1998 Wamarekani walitengeneza wao. Toho walimbatiza zimwi yule jina la Zilla, wakamwalika kwenye Final Wars ya mwaka 2004 ili Godzilla wa kweli amlipue kwa sekunde chache tu. Lakini Final Wars nayo ilikuwa fujo isiyopendwa, na Toho wakafanya jambo la kiume: wakasema basi, kwa miaka kumi. Walibomoa hata bwawa kubwa la studio ambamo mazimwi walikuwa wakiogelea.

Wakati Godzilla amelala, Japani ilipigwa na tetemeko, sunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011. Shin Godzilla ya mwaka 2016 ilikuwa ya maafisa wanaoitisha kikao juu ya kikao huku mji unateketea, na kila Mjapani alijua inamsema nani. Mwaka 2023 Takashi Yamazaki akaleta Godzilla Minus One kwa bajeti iliyo chini ya dola milioni 15. Kikosi cha watu 35 cha picha za kompyuta kikaondoka Los Angeles na Oscar, mbele ya filamu ambazo nyingi zilitumia zaidi ya mara kumi ya hizo.

Sasa mweke Terminator kando yake. James Cameron aliisimulia mwaka 1984 na kuimaliza mwaka 1991. Baada ya hapo zikaja za 2003, 2009, 2015 na 2019, studio zikipokezana kama watu wanaotafuna makapi ya muwa wakingoja utamu urudi. Ya mwisho iliwataka watazamaji wasahau tatu zilizotangulia. Walishasahau.

Sidai kwamba kulala ni dawa ya kila homa. Indiana Jones alipumzika miaka 19, akaamka mwaka 2008, akapumzika tena 15, akaamka mwaka 2023 Harrison Ford akiwa na miaka 80, na kote huko alifuata hazina huku filamu ikifuata ujana wake. Waliomwamsha walihesabu miaka tu. Kipimo changu ni kingine: mfululizo uko tayari pale mtoto aliyeuona akiwa na miaka kumi anapokuwa mtu mzima mwenye kamera, na duniani limetokea jambo ambalo mhusika yule peke yake anaweza kulibeba. Kikikosekana kimojawapo, mwache alale.

Na hapo turudi sebuleni kwako. Kuna wakati mmoja Bond alipumzishwa kwa hiari. Die Another Day ya mwaka 2002, yenye gari lisiloonekana, iliingiza zaidi ya dola milioni 400, kuliko Bond yeyote aliyetangulia. Kwa kanuni za mwongozo huu, iliyofuata ilipaswa kuwa na magari mawili yasiyoonekana. Watayarishaji wake, Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, walisimamisha kila kitu fedha zikiwa bado zinamiminika, na mwaka 2006 wakarudi na Casino Royale, iliyo bora kuliko nyingi za kabla yake.

Mwaka 2021, katika No Time to Die, makombora yalimshukia Bond kisiwani akafa kweli, na majina ya waigizaji yalipokwisha kupita, maandishi yakaahidi kwamba atarudi. Februari 2025 Amazon walichukua usukani wa ubunifu kutoka kwa Broccoli na Wilson. Juni wakamtaja Denis Villeneuve kuwa mwongozaji wa filamu ijayo. Bosi, hakuna aliyemsahau Bond ile miaka sita ya kesi. Rudisha simu mezani.